Sufuria Iliyopita Mlangoni kwa Mama Nuru

Siku tuliyomzika Bibi wa Mtori, mchungaji aliomba mmoja wa akina mama aliowahudumia uzazini aseme machache. Wakanisukuma mimi. Nilisimama, nikasema alikuwa mkarimu, alikuwa hodari, na kwamba hakuna mzazi wa kitongoji chetu aliyekosa chakula yeye akiwa na nguvu. Nilipofika hapo kwenye "hakuna", macho yangu yakaenda yenyewe kwa Mama Nuru, mkwe wake, aliyekaa kwenye viti vya familia, mikono imetulia juu ya kitenge. Hakuinua uso. Nikamalizia harakaharaka nikakaa. Watu waliniambia nimeongea vizuri.

Mengine yote niliyosema yalikuwa kweli. Ni hilo neno moja tu linalonisumbua. Kwa hiyo naandika hapa nilivyomjua, mazuri yake na yale mengine, na pale nisipojua nitasema sijui. Niliishia darasa la saba, siwezi kupanga maneno kama wasomi, lakini najitahidi nisimsingizie mtu, hasa ambaye hawezi tena kunijibu.

Tulimwita Bibi wa Mtori kwa ule mtori, ndizi zilizopikwa na nyama zikapondwa, aliowapikia wazazi, yaani wanawake waliojifungua. Hata mwenyekiti wa kitongoji akisoma matangazo alimtaja hivyo, na hakuna aliyecheka. Kwetu huku mlimani mwanamke akijifungua haguswi na kazi. Anakaa ndani kama miezi mitatu, anakula, ananyonyesha, analala, na wa kumhudumia ni mama mkwe wake. Mimi nilipoolewa mama mkwe alikuwa ameshafariki. Nilipobeba mimba ya kwanza nililia, nikiwaza nani atanipikia. Bibi wa Mtori, ambaye nyumba yake ilikuwa juu yetu kwenye njia ileile ya migomba, alikuja akanikuta nalia.

"Unalilia nini? Mimi nimekufa?"

Basi. Hakuniuliza kama namtaka. Watoto wangu watatu wote, ni yeye.

Mikono yake ilikuwa myeusi viganjani kwa utomvu wa ndizi, weusi usiotoka hata siku ya Krismasi. Alimenya ndizi za mchare akiwa anaangalia pembeni, anaongea, na maganda yanaanguka pale anapotaka. Nyama alitaka ya mifupa. Mtu akimletea nyama tupu alimwambia, "Hii kampikie mume wako, mzazi anataka mfupa." Alipika mpaka ndizi zinakubali kupondeka zenyewe, ndipo anashika mwiko, na akishika mwiko hataki mtu amsemeshe. Halafu anakaa mbele yako na bakuli, goti kwa goti.

"Kula."

"Bibi, nimeshiba."

"Nani kakuambia? Maziwa yako ndiyo yanajua kama umeshiba. Kula."

Na kweli maziwa yalitoka. Tulikuwa tunaambiana kwamba kuna kitu anaweka. Alikuwa na fundo dogo kwenye pindo la khanga, akifika jikoni anageuka ukutani, analifungua, anatupia kitu sufuriani. Tukimuuliza anasema ni dawa ya ukoo wao. Sufuria yake ilikuwa na sheria moja: ya mzazi haigawiwi mtu mwingine, hata mume akiomba kijiko. Mume wangu aliwahi kuomba. Alijibiwa kwamba akizaa na yeye atapikiwa.

Alikuwa mcheshi hivyo. Na alikuwa mgomvi. Aligombana na wauza maziwa kwa kuongeza maji, na wanakwaya kwa kuchelewa, na mimi kwa kumwogesha mtoto jioni. Ugomvi wake ulikuwa mfupi. Asubuhi anakupigia hodi kama hakuna kilichotokea, na ukimkumbusha ya jana anakushangaa.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni masikio. Wanawake wetu wengi wana tabia hiyo, hata mimi ninayo, ya kutazama ncha za masikio ya kichanga ili kujua baadaye atakuwa na rangi gani, maana wote wanazaliwa weupeweupe. Yeye alikuwa hakosei. Alimgeuza mtoto karibu na dirisha, akakunja sikio kwa kidole gumba, akatangaza. Godi wangu, huyu wa tatu, alimtangazia hivi: "Mweusi huyu. Mweusi safi, kama udongo wa Kahe." Nikafurahi. Sikujiuliza kwa nini nafurahi, wala angesema kinyume ningejisikiaje.

Sasa nifike kwa Mama Nuru.

Elia, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa anafanya kazi ya kupandisha watalii mlimani, na alioa Moshi mjini. Mke wake baba yake alikuwa chotara, na bibi yake mzaa baba alikuwa Mhindi kabisa. Mama yake alikuwa mtu wa Kahe, mweusi kunizidi mimi, na alishafariki. Lakini nywele za yule dada zilikuwa zinalala na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, kwa hiyo kitongoji kizima kikasema Elia kaoa Mhindi. Tulisema hivyohivyo, "Mhindi wa Elia", tukiwa kisimani, tukiwa kanisani, na mimi nikiwemo. Yeye alikuwa anaongea Kiswahili kama sisi na anakula mchare kutuzidi. Kichagga alikuwa anajifunza, anakosea, tunacheka.

Bibi wa Mtori hakumtukana hata siku moja, hilo lazima niliandike. Shikamoo yake aliitikia. Ila aliitikia "marahaba" tupu, hakuongeza "mwanangu" analotuongezea wote. Na kulikuwa na kikombe. Nyumbani kwake vikombe vilikuwa vya udongo, vyeupe, vya wote, hata mlevi akipita anapewa chai kwenye hivyo. Mama Nuru alipewa cha plastiki, cha kijani, kilichowekwa peke yake juu ya kabati. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Wale wanapenda vya kwao peke yao. Namsaidia."

Niliona ni maneno ya ajabu, nikanywa chai yangu.

Miaka mingi baadaye ndipo aliponisimulia habari ya kikombe kingine. Akiwa msichana aliyezaa mtoto mmoja tu, alikwenda kufanya kazi ya uyaya mjini, kwenye nyumba ya wafanyabiashara wa Kihindi. Mtoto wake mwenyewe alimwacha huku juu kwa mama yake, akinyweshwa maziwa ya ng'ombe. Kule mjini alimbeba mtoto wa kiume wa wale watu, na huyo mtoto hakubali kulala isipokuwa mgongoni kwake. Kikombe chake kilikuwa cha bati, kinaning'inia kwenye msumari nje, karibu na bomba. Hakuruhusiwa kunywea cha ndani, na hakuruhusiwa kukiingiza chake ndani. Alivumilia. Anasema kilichomuumiza si kikombe. Kilichomuumiza ni siku yule mtoto, akiwa ameanza shule, aliposogeza sahani yake pembeni na kumwambia asiiguse. Na Krismasi hiyo alipopanda nyumbani, binti yake mwenyewe alimkimbia akilia, akajificha nyuma ya bibi yake, kama mtu aliyeona mgeni.

"Nikawa sina mtoto juu wala chini," alisema. Hakulia. Alikuwa anachambua maharage.

Habari hii niliisikia kwake tu. Watu wa nyumba ile sikuwahi kuwaona, na labda wangekuwa na la kusema. Yeye mwenyewe alikiri kwamba bibi kizee wa mle ndani alikuwa tofauti. Jioni alikuwa anamwita jikoni, anamuonyesha viungo, anamtajia majina. Ndiye aliyempa zile mbegu. Lakini hapo naruka, ngoja nirudi.

Mimi na Mama Nuru tulipata mimba karibu pamoja. Nilianza mimi kujifungua, akazaliwa Godi. Siku chache baadaye Mama Nuru, tumbo liko chini kabisa, alikuja kunitazama. Bibi alikuwa ametoka nje kumwaga maganda. Mama Nuru alikaa kitandani kwangu, akainamia bakuli, akanusa, uso ukafunguka.

"Huu una uwatu," akasema. "Bibi yangu alikuwa anamwekea mama kila akijifungua. Hii harufu naijua tangu mtoto."

Uwatu ni zile mbegu ndogo za njano, chungu kidogo, zinauzwa kwenye maduka ya viungo mjini. Bibi wa Mtori alikuwa amesimama mlangoni na ungo mtupu. Alisikia. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshiba na nina raha, nikasema, "Kumbe dawa ya ukoo ni ya Wahindi?" Nikacheka. Mama Nuru naye akacheka kidogo, kwa kuniunga mkono tu. Bibi hakucheka. Akachukua bakuli, akaona limebaki kidogo, akasema, "Maliza," akaondoka.

Nimelifikiria hilo sana. Inawezekana alikuwa amepanga kumpikia mkwe wake kama alivyotupikia sisi, na kicheko changu ndicho kilichomfunga. Inawezekana pia hakuwa amepanga kabisa. Sikumuuliza akiwa hai. Niliogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Nuru akazaliwa, Elia akiwa mlimani na wageni. Bibi wa Mtori alikwenda kumtazama. Alisimama mlangoni. Nimeambiwa na Mama Nuru mwenyewe kwamba alimgeuza mtoto kwenye mwanga ili bibi yake aone masikio, maana alishajifunza kwamba hapa ndivyo inavyofanywa. Bibi akasema kutokea palepale, "Naona," akaaga.

Hakumpikia. Kwa watu alisema, "Hao hawali mtori. Atapika vya kwao." Na kwangu aliendelea kuja, asubuhi na jioni, sufuria kichwani imefunikwa na jani la mgomba. Nyumba ya Elia ilikuwa katikati, kati ya kwake na kwangu. Njia inapita mbele ya mlango kabisa, mtu akiwa ndani anaona miguu ya anayepita. Mama Nuru alijipikia ugali akiwa na kichanga mgongoni, siku nyingine alikunywa chai na mkate. Na sufuria ikapita mlangoni kwake ikija kwangu, muda wote niliokaa ndani.

Alinitembelea mara moja katika kipindi hicho, ingawa hakupaswa kutoka. Hakulalamika. Alimsifia Godi, tukaongea juu ya vitovu vya watoto. Akiwa anaondoka akasema, "Harufu inafika mpaka kwangu." Aliisema kama mtu anayesifia.

Ningeweza kumwekea bakuli. Nilikuwa nayo sheria ya sufuria ya mzazi ya kujifichia, na nilijificha. Niliogopa Bibi asije akakasirika akaacha kunipikia. Mtoto wangu alikuwa ananyonya vizuri. Ndivyo nilivyojiambia kila bakuli, kwamba ni kwa ajili ya mtoto, na yule mtoto mwingine, Nuru, alikuwa analia nyumba ya juu namsikia.

Nuru alipoanza kukaa, Elia alihamisha familia yake Bomang'ombe. Alisema ni kwa ajili ya kazi, kuwa karibu na barabara ya Arusha. Hakuna aliyebisha.

Nikisema kuanzia hapo Bibi alibadilika, nitadanganya. Alizidi kuwa vilevile. Alizidi kupikia watu. Alimpikia msichana aliyezalishwa na kutelekezwa, wakati wazazi wa msichana hawamsemeshi, na akawatolea maneno mpaka wakamrudisha ndani. Alimpikia mke wa mtu aliyewahi kumwibia ndizi. Nikimwangalia nilikuwa najiuliza moyo mkubwa hivi unawezaje kuwa na mlango mmoja uliofungwa. Halafu najikumbuka mimi, mwenye moyo mdogo. Lakini niliona kitu: kikombe cha kijani hakikutupwa. Kilibaki juu ya kabati, na alikuwa anakipangusa vumbi.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka. Akaacha kupika. Watu wakawa wanampelekea yeye chakula, naye anakilaumu. Ndipo ikafika habari kwamba Nuru, ambaye sasa ni mtu mzima, amejifungua na amekuja kukaa kwa mama yake Bomang'ombe. Asubuhi Bibi akanitumia mjukuu mmoja aniite. Nilimkuta amevaa nguo ya kanisani, miguuni kuna mkungu wa mchare na nyama imefungwa, mkononi ameshika sale. Sale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani. Mchagga akimpelekea mtu jani la sale lililofungwa fundo, anaomba msamaha, na kwa mila yetu aliyepelekewa hawezi kukataa.

"Unipeleke kwa Mama Nuru," akasema.

"Bibi, mikono yako."

"Wewe una mikono. Au nayo imezeeka?"

Tulipofika, Mama Nuru mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Nywele zimeingia mvi. Alitutazama, akatazama mkungu, akatazama jani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Neno hilo lilichukua muda kutua. Mama Nuru hakupokea sale. Alishikilia mlango.

"Umekuja kupika, mama, au umekuja kuomba?"

"Vyote."

"Basi anza kupika. Hilo liweke dirishani."

Bibi akaliweka dirishani. Nilimenya mimi, yeye akiwa kwenye kigoda akinikosoa kwamba natupa ndizi na maganda. Nyama ilipoanza kuiva alishika pindo la khanga, vidole vikawa vinashindwa kufungua fundo. Safari hii hakugeukia ukutani. Mama Nuru alikuwa amesimama anatazama. Akafungua kabati lake, akatoa kopo.

"Wa kwangu ni mpya."

"Weka wewe," Bibi akasema. "Unajua kiasi."

Mama Nuru akaweka. Kuponda alitaka aponde mwenyewe, na tulimwachia, ingawa mwiko ulikuwa unagonga kingo za sufuria kama mtu anayebisha hodi. Bakuli la kwanza nilimpelekea Nuru chumbani. Niliporudi Bibi alikuwa amepakua la pili, amelishika kwa mikono miwili, mtori unamwagika kidogo kwenye vidole, anamnyoshea mkwe wake.

"Hili ni lako."

"Mimi sijajifungua, mama."

"Ulijifungua."

Mimi nilitazama sakafu. Nikasikia kiti kinavutwa, halafu kijiko. Alikula lote, polepole, na hakusema kama ni tamu. Bibi alikaa mbele yake, goti kwa goti, mpaka bakuli likaisha.

Kisha Mama Nuru akamletea kichanga. "Nawa mikono kwanza," akamwambia, na Bibi akanawa ule weusi usiotoka. Alimpakata. Mama Nuru akasema, "Hutazami masikio?"

"Macho yangu hayaoni tena mambo hayo," akajibu. Najua alikuwa anaona. Asubuhi hiyohiyo aliona ganda dogo la ndizi nililoacha kwenye sufuria.

Mama Nuru akapakua tena. Alimpa Bibi bakuli, la udongo kama yale mengine, na chai kwenye kikombe kama vya wote. Bibi alikishika kikombe hicho akakigeuzageuza kabla ya kunywa. Elia aliwekewa lake, likafunikwa mpaka arudi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, na njaa ilikuwa inaniuma, sitaficha. Mama Nuru akapita na mwiko mbele yangu, akarudisha mfuniko.

"Mama Godi," akasema, bila hasira, hata alikuwa anatabasamu kidogo, "wewe ulishakula."

Bibi wa Mtori aliacha kunywa. Alinitazama, akamtazama mkwe wake, na hakunitetea, yeye ambaye maisha yake yote hakuweza kuona mtu amekaa bila bakuli.

Nikasema ni kweli, nilishakula. Nikachukua vyombo nikatoka nje kuviosha. Kutokea kwenye bomba nililiona lile jani la sale dirishani, liko palepale lilipowekwa, na ndani nilikuwa nawasikia wawili hao wanabishana juu ya namna ya kumfunga mtoto tumbo. Tulipoaga jioni jani halikuwepo tena dirishani. Sikuona nani alilichukua, na sikuwa mtu wa kuuliza.